Kijiko cha Mota Moja

Nakumbuka asubuhi moja tulipanda pikapu pale Chikongola mjini kwenda Kilambo, mimi na dada yangu Zuhura, tukiwa na mtambo wa kuchimbia mitaro ndani ya beseni. Usicheke, mwanangu. Beseni lilikuwa la mama, la kufulia, na mtambo wenyewe ulikuwa wa matofali ya plastiki, yale ya kuchezea yanayobanana moja juu ya jingine. Lakini siku ile hakuna aliyekuwa anacheza. Mjomba wetu Mfaume alikuwa anatusubiri kule mtoni aukague, na akishaukagua angeamua ni nani kati yetu wawili atamchukua kazini.

Ngoja nikueleze vizuri, maana nina tabia ya kuondoa gari kabla abiria hawajakaa.

Mjomba Mfaume alikuwa mwendeshaji wa kijiko. Si cha kulia uji. Ni ule mtambo unaokwenda kwa minyororo badala ya matairi, wenye mkono mrefu mbele na baketi ya meno mwishoni, unaochimba udongo na kuupakia. Kampuni iliyokuwa inatengeneza barabara ilimruhusu achukue mwanafunzi mmoja wa kukaa naye kwenye mtambo mpaka aujue. Mmoja tu. Kwetu sisi Wamakonde mjomba ana neno kubwa juu ya wapwa zake, na wapwa tuliokuwa nyumbani bila shughuli tulikuwa mimi na Zuhura, binti wa mama mdogo. Tulimaliza kidato cha nne pamoja, na matokeo hayakumpeleka yeyote kidato cha tano. Mimi nilikuwa nashinda barazani kwetu Magomeni, ile ya huku kusini, nikitazama malori yanakwenda bandarini. Zuhura alikuwa ameshaanza kufunga nguo zake arudi kijijini kwenye korosho na mihogo. Si kazi mbaya, imetusomesha wote. Ila yeye hakuwa ameichagua.

Matofali yale Mjomba alipewa na mhandisi mmoja mgeni aliyemaliza mkataba na hakutaka kuyasafirisha kwenda kwao. Ndani ya boksi kulikuwa na kitabu cha picha kisicho na maneno, vipande vingi vya manjano na vyeusi, na pembeni kipakiti chenye mota ndogo na kisanduku cha betri. Mjomba aliliweka boksi mezani kwetu.

"Jengeni wote wawili," akasema. "Mkimaliza mniletee Kilambo. Nangu nitaangalia."

"Utaangalia nini, Mjomba?" nikauliza.

"Si nimesema nitaangalia?"

Nangu kwa Kimakonde ni mimi. Mjomba alipoanza kujiita nangu, ilikuwa dalili kwamba mazungumzo yamekwisha.

Kujenga hakukuleta ugomvi. Mimi nilishika minyororo na sehemu yote ya chini, Zuhura akashika kibanda cha mwendeshaji na mkono. Tulilaza vipande kwenye khanga yake kwa rangi na ukubwa, tukafuata picha moja baada ya nyingine. Ugomvi ulianza tulipofika kwenye mota. Kitabu kilionyesha kwamba inaweza kukaa mahali pawili. Ukiiweka chini, kijiko kinatembea chenyewe. Ukiiweka juu, nyuma ya kibanda, mkono unashuka, unachota na kunyanyua. Mahali pawili, na mota moja.

"Inakaa chini," nikasema.

"Juu," Zuhura akasema. "Kijiko kinachimba, Athumani."

"Kisipotembea, nani atajua kama kina mota?"

"Na kikishatembea kikafika, kitafanya nini? Kitasalimia watu?"

Nilimzidi miezi michache, na nikaitumia miezi ile yote. Mota nikaiweka chini. Zuhura hakubishana tena. Alikizungusha kijiko kwa vidole, akakiinamisha huku na huku, akasema mgongo wake ni mwepesi, kikipewa mzigo mbele kitaangukia pua. Sikumsikiliza. Nilikuwa nimeshakiona akilini kinatembea na watu wanashangilia.

Basi ndiyo tukaenda. Zuhura alikaa nyuma ya pikapu amepakata beseni, kila tukifika penye shimo analiinua lisitikisike. Mimi nilikaa mbele na dereva, na kwa njia nzima nilimuuliza maswali. Hii njia ya kushoto inakwenda wapi? Mvua ikinyesha mnapita wapi? Gia gani kwenye mlima ule? Mpaka akaniambia, "Kijana, wewe unakwenda kwa mjomba wako au umetumwa kupima barabara?"

Kilambo ndipo watu wanapovuka Ruvuma kwenda Msumbiji. Kivuko kilikuwa bado ng'ambo, na upande wetu abiria walikuwa wamekaa juu ya mizigo yao, mabeseni ya plastiki, magodoro, magunia ya vitunguu. Mtambo mkubwa wa Mjomba ulikuwa umesimama kando ya barabara, mdomoni mwa mtaro aliokuwa anauchimba ili maji ya mvua yasile njia. Alishuka, akanawa mikono, akachuchumaa mbele yetu.

"Haya," akasema.

Nikakitoa kijiko, nikakiweka mchangani, nikabonyeza kitufe.

Mwanangu, kilitembea. Kilikwenda kama kobe aliyetumwa dukani, minyororo inazunguka, kinapanda vilima vidogo vya mchanga na kushuka. Watu waliacha mizigo yao wakaja. Watoto wakakaa chini. Mama mmoja aliyekuwa anauza mihogo ya kuchemsha akaacha kufukuza nzi.

"Kinakwenda wapi hicho?" mzee mmoja akauliza.

"Kinavuka," akajibiwa. "Kina jamaa zake Msumbiji."

"Pasi kinayo?"

"Muulize mwenyewe, si huyo anakuja kwako?"

Mzee akarudisha miguu nyuma, watu wakacheka. Nami nikajiona nimeshapata kazi. Nilimtazama Zuhura kwa pembe ya jicho. Alikuwa anatazama mkono wa kijiko, ulivyokuwa unaning'inia na kugongagonga mchanga.

Kijiko kilipofika kwenye mchanga mkavu, ule laini kama unga, minyororo ikateleza na kikasimama. Mjomba akakisogelea taratibu.

"Kimefika?" akaniuliza.

"Kimefika, Mjomba."

"Basi kifanye kazi."

Nikainama. Nikaushusha mkono kwa kidole, nikaisukuma baketi ichote, nikaunyanyua tena kwa kidole.

"Sasa hapo," Mjomba akasema, "hiki kijiko kinakufanyia kazi, au wewe ndiye unakifanyia?"

Hakusema kwa ukali. Angesema kwa ukali ningepata la kujibu. Alikitwaa mkononi, akaanza kukikagua kama mtu anayetaka kununua ng'ombe. Akasifu maungio: kila pini inazunguka, hakuna iliyokaza. Akasema minyororo ya plastiki haitaupenda mchanga wetu, na betri zitakwisha mapema kuliko hamu ya mtoto. Meno ya baketi aliyapapasa kwa kidole gumba, akacheka kidogo, akasema ni ya kuonyesha tu, lakini yamepangwa sawasawa. Aligeuza mtambo chini juu, akaitazama mota pale nilipoiweka. Kisha akamgeukia Zuhura.

"Wewe ungeiweka hapa?"

Zuhura alinitazama kwanza. Mpaka leo namshukuru kwa lile jicho, kwa sababu hakutaka kunishtaki.

"Ningeiweka kwenye mkono, Mjomba."

"Iweke."

Wakati huo kivuko kilikuwa kimefika. Watu wakajitwika mizigo na kuteremka majini, wakisukumana, na yule mzee akapunga mkono akasema tumsalimie huyo mtalii wetu wa minyororo. Dakika chache baadaye tulibaki sisi watatu na muuza mihogo.

Zuhura alitandika khanga, akakivua kijiko kipande kimoja kimoja. Kila kipande alikipuliza mchanga kabla ya kukilaza. Hakuharakisha. Mimi nilitamani aharakishe, kwa sababu kukaa kumtazama kulikuwa kunaniuma. Alihamisha mota juu, akaunga, akabonyeza. Mkono ukashuka, ukachota, ukaanza kunyanyuka, na kijiko kizima kikainua matako na kuangukia pua, kama alivyosema.

Nilitabasamu. Ndiyo, nilitabasamu, na Mjomba akaniona.

Zuhura hakumtazama mtu. Akamwomba Mjomba nati za chuma kwenye kisanduku chake cha vifaa, akafungua mgongo wa kijiko, akazipanga humo, akafunga. Akabonyeza tena. Safari hii mkono ulichota mchanga wenye unyevu, ukanyanyuka, kijiko kikatulia. Akakizungusha kwa vidole, mkono ukamwaga pembeni. Akarudia. Palikuwa na dimbwi dogo chini ya ndoo ya muuza mihogo, maji aliyokuwa anaoshea, yamekaa hapo yanamlowesha miguu. Zuhura akachimba kutoka pale, kidogo kidogo, kuelekea kwenye mtaro mkubwa wa Mjomba. Kijiko kilikuwa hakiendi popote. Kila alipomaliza urefu wa mkono, alikisogeza kwa mikono yake miwili na kukituliza upya.

Maji yalipopata njia yalisita kwanza, kisha yakateremka.

"Mwanangu, umenitoa kwenye tope," muuza mihogo akasema. "Njoo ule."

Mjomba akasimama, akakung'uta magoti.

"Jumatatu saa kumi na mbili uwe hapa," akamwambia Zuhura. "Njoo na viatu vya kufunika miguu."

Sitakuficha, nilihisi kama nimemwagiwa maji. Nilikwenda kukaa kwenye kivuli cha mtambo mkubwa, nikatazama mto. Nilijua nikirudi Magomeni nitarudi kwenye baraza ileile. Mjomba alinifuata na kipande cha muhogo, akanipa, akakaa karibu.

"Watu walikushangilia," akasema.

"Ndiyo."

"Wako wapi?"

Nikatazama ng'ambo. Walikuwa wadogo kama vipande vya boksi letu, wanapanda ukingo.

"Kijiko hakitembei ili kionekane," Mjomba akasema. "Kinatembea ili kisimame penye kazi. Kazi yake inaanza pale kinaposimama. Mwenzako amelijua hilo bila kuambiwa, na kusimama anaweza. Wewe kusimama huwezi, mpwa wangu. Hata hapa umekaa, mguu unacheza."

Nikauzuia mguu.

"Uachie tu ucheze. Sasa nikuulize. Mtambo huu mkubwa tulioegemea ulifikaje hapa kutoka mjini?"

"Uliendeshwa."

"Kwa minyororo hii? Ungeitafuna barabara yote, na minyororo ingekwisha kabla ya kuchimba shimo moja. Ulibebwa. Komba aliuleta juu ya lobedi."

Lobedi, mwanangu, ni trela refu lililo chini karibu na ardhi, la kubebea mitambo. Na Komba nilimjua, mtu wa Songea, mnene, anayeendesha huku anaimba nyimbo za kanisani.

"Dereva wa pikapu kanieleza maswali yako kabla hajaondoka," Mjomba akaendelea. "Komba hana utingo. Nilisema nafasi ya kijiko ni moja. Sikusema kazi duniani ni moja."

Hivyo ndivyo nilivyoingia barabarani, na sijatoka. Nimelala Tunduru na kuamka Songea, nimekwama Kilwa kwenye mvua, nimefunga mitambo kwa minyororo mpaka viganja vikawa vigumu. Nilikuwa utingo, nikawa dereva. Kila ninaposafiri naikumbuka harufu ya korosho zinazochomwa nyuma ya nyumba yetu, na kila nikikaa nyumbani wiki mbili naanza kutazama njia. Nimekwisha kuzoea kuwa hivyo. Zuhura yeye amechimba mitaro na misingi mingi huku kusini kwetu, na vijana kadhaa wamejifunza kazi wakiwa wamekaa pembeni yake kama yeye alivyokaa kwa Mjomba. Mara nyingine mzigo ninaotumwa kuubeba ni mtambo wake. Anaupandisha mwenyewe juu ya lobedi langu, taratibu, minyororo inalia kwenye vyuma, kisha anashuka na kuniambia, "Dereva, kimefika?" Namjibu, "Bado, ndiyo kwanza nakipeleka." Tunacheka, na utingo wangu hajui tunacheka nini.

Kile kijiko cha plastiki kiko kwa Zuhura, Magomeni, juu ya kabati. Mota yake ilikufa zamani. Ukikishika mgongoni bado ni kizito, nati za Mjomba zimo humo.

Basi wewe uliyemaliza shule mwaka huu, ukakaa barazani na matokeo yako mfukoni, nakuambia hivi. Nguvu uliyonayo sasa ni kama mota ile, ni moja, na si nyingi kama unavyodhani. Usiiweke mahali panapowafanya watu wakushangilie wakati wanasubiri kivuko chao, kwa sababu kivuko kikifika wataondoka, nao hawakukosea. Iweke mahali ambapo maji ya mtu yamekwama. Kabla hujajihukumu kwamba hufai, uliza kwanza umepimwa kwa kazi gani. Mimi kwa kazi ya kusimama nilishindwa mbele ya macho yangu mwenyewe, na wala sikuwa mtu wa kutupwa. Na ukimwona mwenzako anakuzidi, usiangalie pembeni kama nilivyotaka kufanya. Mtazame anavyofanya. Huenda siku moja utakuwa unambeba, naye anakufungulia kazi.

Mungu akupe mahali pa kusimama, na ardhi ya hapo ikubali meno yako. Na kama umeumbiwa njia, kama mimi, akupe mzigo wenye maana wa kubeba, na akufikishe nao salama.