Sikio Kwenye Tumbo la Mzee

Wiki iliyopita, nyumbani kwangu Kasubi, nilimwona baba akisukuma pembeni sahani ya posho, ugali wetu wa mahindi. Meno yamemwisha. Nikampikia uji, na ule mvuke ukanirudisha kwenye zizi la farasi wa polisi, nyuma ya kambi tuliyokulia.

Baba alikuwa mtunza farasi. Mmoja wao, tuliyemwita Mzee, hakuweza tena kutafuna nyasi kavu, kwa hiyo baba alimlowekea pumba kwa maji ya moto na molasi, akaikoroga kwa mkono mpaka kiwiko kikanata. Mchana mmoja nilipita pale na wasichana wa darasa letu. Tukamkuta baba, na sare zake, amepiga magoti kando ya Mzee, sikio amelibandika chini ya tumbo.

Sisi wasichana tulifundishwa kupiga magoti tukisalimia wakubwa. Wenzangu wakaangua kicheko.

"Afande anasalimia farasi!"

Nami nikaamini hivyo hivyo. Uso ukanichoma.

"Baba, inuka!"

"Ngoja, mama," akasema, macho ameyafumba. "Tumbo ikinyamaza, Mzee anakufa."

Sikungoja. Niliondoka mbio, nikiwatangulia hata waliokuwa wakicheka.

Leo najua alikuwa akisikiliza kama chakula kinasogea. Jana baba alilalamika kwamba tumbo limemkaza. Nikapiga magoti kando ya kitanda chake ili nisikilize kama alivyosikiliza yeye.

Lakini kabla sijainama, niligeuka kutazama kama mlango umefungwa.