Mzee Aliniomba Nisitanie Jambo Moja Tu

Kosa ni langu. Nalisema mwanzoni kabisa ili mtu asifike katikati akaanza kunitafutia visingizio, kama wanavyofanya wenzangu hapa Mtama. "Ilikuwa stendapu tu, kaka." "Watu walicheka, kwani umeua?" Kila nikiwasikia natamani kurusha spana.

Mimi ni fundi pikipiki. Jina langu halina kazi humu, anayenijua atanitambua tu. Ni Mmwera. Rafiki yangu ninayemzungumzia ni mtoto wa Mngoni aliyekuja huku kutoka Songea akiwa kijana, akapata kazi ya kupima korosho kwenye ghala la chama cha ushirika, akaoa, akabaki. Wangoni na sisi ni watani tangu mababu walipopigana. Kwa hiyo toka tuko shule ya msingi hatukuwahi kuitana majina. Mimi namwita mtani, na yeye ananiita mtani. Humu pia nitamwita hivyo.

Kwa wewe ambaye hukukulia kwenye mambo haya: mtani anaweza kukutukana mbele ya wakwe zako na huruhusiwi kununa. Anaingia kwako, anafunua sufuria, anasema chakula chenu kinanuka. Lakini ukifiwa, yeye ndiye wa kwanza kufika. Anachota maji, anashika jembe makaburini, na msiba ukiwa mzito anavaa nguo za marehemu na kumwigiza mpaka wafiwa wacheke. Matusi yake yanalipiwa na kazi yake. Hilo nimelijua toka utotoni, ndiyo maana sina pa kujificha.

Mzee wake alipata kiharusi. Mguu wa kushoto ukawa wa kuburuta, mkono ukalala. Mtani wangu ndiye aliyemwogesha, kwa sababu mama yake alishatangulia na mkwe hawezi kumwogesha baba mkwe. Mimi nikifunga gereji napitia kwao kusaidia kumnyanyua, maana mzee alikuwa mtu wa mwili.

Jioni moja tulimkuta amejichafua. Alikuwa anavaa nepi zile za watu wazima, siku hiyo ikawa imevuja. Mzee yule, aliyekuwa akirudisha gunia la korosho mbovu hata kama ni la mwenyekiti wa chama, alilia machozi mbele yetu. Akanishika kiganja kwa mkono wake ule mzima.

"Mtani," akasema, maneno yakitoka kwa shida, "nikifa nitanie yote. Hili usilitanie."

"Wallahi, mzee, hili linabaki humu chumbani."

Mtani wangu alikuwa amesimama pale, ameshika beseni. Alinisikia nikiapa.

Mzee alipofariki nilifanya kazi yangu. Nasema hivyo bila kujisifu. Nilichimba, nikabeba viti, nikapasua kuni. Mtani wangu alikuwa amekaa kwenye mkeka macho makavu, siku ya pili hiyo, hali wala hasemi, na mama zake wadogo walianza kuogopa. Nikaingia ndani nikavaa koti la mzee na kofia yake, nikapandisha suruali kwa viwiko viwili kama alivyokuwa akifanya, nikatoka kupima watu kama korosho.

Nilianza na katekista. Nikamnyanyua mkono, nikatikisa kichwa. "Huyu daraja la pili." Nikaenda kwa mwenyekiti wa kitongoji. "Huyu kajaza mchanga chini, mwageni tuone." Watu wakaanza kushikilia mbavu. Nikafika kwa mtani wangu, nikamwekea sikio kifuani, kama mzee alivyokuwa akitikisa korosho sikioni kusikia kama imekauka. Nikasema kwa sauti ya mzee, "Hii bado inanyonya. Irudisheni kwa mama yake."

Alicheka mpaka akaanguka kifuani kwangu, na kicheko kikageuka kilio. Hiyo ndiyo mara ya kwanza alipolia. Mama yangu mzazi alikuwepo, akaniambia baadaye kwamba siku hiyo nilikuwa mwanaume.

Mama yangu na mtani wangu walikuwa na mambo yao. Kila akija nyumbani anamwambia, "Mama, siku ukifa nitavaa kanga zako zote mpaka majirani wakukumbuke." Naye anamjibu, "Ukichelewa nitaamka nikufuate huko huko dukani kwako." Usilisahau hili.

Basi arobaini ikapita, mtani wangu akawa mtu wa kufungua duka lake la pembejeo, kuuza salfa ya mikorosho, kufunga, kulala. Mkewe akaja gereji.

"Shemeji, mtoe huyu mtu nje. Nyumbani tunaishi na picha."

Hapo ndipo nikapata wazo langu la kipumbavu. Lindi mjini kuna ukumbi umeanza kuweka usiku wa vichekesho, hiyo stendapu yenyewe, wanakuja wachekeshaji kutoka Dar, na kabla ya wakubwa kupanda wanatoa dakika tano tano kwa watu wa mikoa yetu. Nikafungua grupu la simu, nikaingiza watu sita. Nilipanga kila kitu mimi. Tukakodi Noah. Nikawaagiza wavae vizuri, tusionekane tumetoka shamba. Nikapiga simu ukumbini kuomba meza ya mbele kabisa, katikati. Mtani wangu alitaka kukaa nyuma. Nikamwambia nyuma wanakaa wadaiwa.

Na kwenye simu hiyo hiyo niliandikisha jina langu kwenye zile dakika tano. Sikumwambia mtu. Nilijiambia itakuwa zawadi yake: mzee atapanda jukwaani, mtani wangu atacheka tena kama siku ile.

Huo ni uongo niliojiambia. Ukweli ni kwamba kile kicheko cha msibani kilikuwa kimenilevya. Watu walikuwa wananisimamisha njiani, "Fundi, wewe ni wa Dar wewe." Nikaanza kufanya mazoezi gereji, wateja wanangoja pikipiki zao. Nilitaka mshereheshaji wa ukumbi ule anione anichukue. Rafiki yangu anaomboleza, mimi nataka kupigiwa makofi kwa kutumia maiti ya baba yake. Ndivyo ilivyokuwa, siipambi.

Nilipanda baada ya magharibi, ukumbi umejaa. Nikapandisha suruali kwa viwiko, nikaanza kupima watu. Kimya. Watu wa Lindi mjini hawakumjua mzee, wao waliona mwanaume mzima anashikashika mikono ya watu. Wawili watatu wakacheka kwa huruma. Meza yangu ilicheka, na mtani wangu alitabasamu. Naapa kwa Mungu, alitabasamu, akawa ananitazama kama mtu anayeona picha ya nyumbani.

Ningeshuka hapo. Ningesema asanteni nikashuka, leo nisingekuwa naandika upuuzi huu.

Lakini yule mshereheshaji aliguna kwenye kipaza sauti, "Fundi, engine imezima?" Watu wakamchekea yeye. Damu ikanipanda. Nikaburuta mguu wa kushoto. Kicheko kikaja kidogo. Nikaulaza mkono. Kikaja zaidi. Kisha nikashika makalio kwa ule mkono mzima, nikamwita mtani wangu kwa ulimi mzito, "Mwanangu, njoo, ghala limevuja."

Ukumbi ulilipuka. Watu walipiga meza. Nami nikaendelea, nikamwigiza na mwana mwenyewe na beseni lake, anageuza uso. Nikaonyesha kwa kidole meza ya mbele, "Yule pale!" Taa ikamfuata.

Hakupiga kelele. Alisimama, akarudisha kiti chini ya meza taratibu, akatoka. Na watu walicheka hata kule kutoka kwake, walidhani ni sehemu ya mchezo. Nawachukia mpaka leo, ingawa hawana kosa. Kosa nililisema ni la nani.

Tulimkuta amekaa kwenye gari. Tulipofika Mingoyo, penye njia panda, akamwambia dereva, "Nishushe hapa."

"Mtani, acha hizo, kaa twende."

Akashuka, akashika mlango. "Mzee alikuomba jambo moja tu." Akaufunga, wala hakuubamiza.

Mtu mwenye akili angeshuka naye, angepiga magoti pale pale barabarani. Mimi nilikasirika. Nilifika nyumbani nikamtumia ujumbe wa sauti wa dakika nzima: wewe Mngoni gani hujui utani, msibani ulicheka leo unajifanya una heshima, umeniharibia mbele za watu. Nilisema hivyo, "umeniharibia." Mimi.

Kumbe tuko njiani mtu mmoja aliyenirekodi ukumbini alishairusha video mtandaoni. Asubuhi Mtama nzima inayo. Vijana wa kijiweni mtani wangu akipita wanaburuta mguu. Marehemu mzee, aliyepima korosho za wilaya hii miaka yote bila kumwibia mtu kilo, sasa anaitwa Mzee Nepi, na waliompa jina hilo hawakuwahi hata kumwona. Nilikwenda kijiweni nikamkaba mmoja shati. Akaniuliza, "Fundi, si wewe uliyetufundisha?" Nikamwachia.

Mkewe nilikutana naye sokoni. Nikaanza, "Shemeji, unajua..." Hakuniacha nimalize.

"Nilikuomba umtoe nje, shemeji. Sikukuomba umvue nguo."

Nilikwenda dukani kuomba radhi baada ya wiki tatu. Wiki tatu, sababu ya kiburi. Alinisikiliza mpaka mwisho, akasema, "Nimekusikia," akaendelea kumhudumia mteja. Nikaondoka nimefura, nikisema moyoni atarudi tu, mtani haachwi kama mke.

Kisha mama yangu akafariki. Presha, ghafla, asubuhi, akiwa anachambua mchele.

Nilijua mtani wangu atakuja, na kweli alikuja. Nilimwona anaingia na mkewe, moyo ukanifunguka, nikasema sasa atakwenda moja kwa moja jikoni kufunua sufuria na kutukana wapishi. Alipita jikoni bila kugeuka. Akakaa kwenye viti, mstari wa wageni, mikono magotini.

Makaburini vijana wengine walichimba. Tuliporudi nyumbani tulikaa tu mikekani. Dada zangu hawajalia vizuri wala hawajala. Watu walikuwa wanamwangalia mtani wangu, wanamngoja. Mwisho mama yangu mdogo akashindwa kuvumilia. Akaingia chumbani, akatoka na kanga ya marehemu, ile aliyokuwa akiipenda, akaiweka mapajani mwa mtani wangu.

"Haya mtani, kazi yako hii. Dada alikuwa anakungoja."

Aliitazama ile kanga muda mrefu. Nikamwomba kimoyomoyo: nitukane. Mtukane mama. Sema alikuwa mchoyo wa mboga, sema nimemuua mimi, sema lolote. Aliikunja. Mara mbili, pembe kwa pembe, akamrudishia kwa mikono miwili.

"Mama mdogo, nisamehe. Mimi hapa nimekuja kutoa pole."

Akainuka akaja kwangu, akanipa mkono. "Pole sana kwa msiba," akasema, akamalizia kwa jina langu. Jina nililoandikwa kwenye cheti. Zaidi ya miaka thelathini sikuwahi kulisikia mdomoni mwake. Sikujua hata kama analijua.

Mama yangu amezikwa bila mtu wa kumwigiza, na alikuwa na mengi ya kuigizwa. Hilo halisameheki, na usiniletee mambo ya kwamba nitazoea.

Nakwambia wewe unayepanga kwenda kucheka na wenzako mwisho wa mwezi: nenda, kacheke, vaa vizuri. Lakini kama una mtu aliyekuruhusu kumtania, ujue ruhusa ile ni ya nyumbani kwake, na ulipewa pamoja na jembe na ndoo. Ukiibeba peke yake ukaipeleka kwa watu wasiomjua, umeiba. Na kama kuna jambo moja aliloomba usiliguse, basi siku ukumbi umenyamaza na damu inakupanda, shuka. Zomewa. Kuzomewa kunaisha kesho yake asubuhi.

Duka lake na gereji yangu vinatazamana. Kila asubuhi tunafungua karibu saa moja. Ananisalimu vizuri kabisa, kwa jina langu, na mimi namjibu kwa lake.