Mlamula Uliozikwa Hai

Shangazi yangu Felisita si mtu wa kelele. Ukimwamkia shikamoo, ataitikia marahaba kwa sauti ndogo huku anaendelea kumenya ndizi. Kwa hiyo kelele zote za habari hii ni zangu. Yeye alivumilia, mimi uvumilivu umenishinda.

Nyumba yake iko Nyamigogo, kwenye mteremko unaoshukia barabara ya senta. Aliijenga baada ya mumewe kufariki, kwa tofali mbichi alizofyatua mwenyewe. Tofali mbichi hazina ubaya, mradi zisilowe chini. Hilo alilijua, akaweka msingi wa mawe na kuchimba mfereji nyuma ya nyumba. Miaka yote mvua ilinyesha ikapita zake. Upande wa juu palikuwa na migomba ya jirani, na kati ya shamba hilo na kiwanja cha shangazi, mpaka wa mlamula.

Mlamula ni mmea wa majani marefu tunaoupanda mpakani. Ukishapandwa mbele ya majirani, ugomvi wa mpaka umekwisha, na hakuna mwenye akili zake anayeung'oa. Mtu akithubutu, kijiji kizima kinakaa kusubiri balaa litakaloingia kwake. Hata ng'ombe wake akiharibu mimba, watu wanatazamana.

Basi Pius akalinunua lile shamba la juu. Pius ana maduka senta, na sasa alitaka kujenga gesti. Shangazi alikuwa amekwenda Kasulo, kule Ngara, kumlea binti yake Joyceline aliyekuwa amejifungua. Aliporudi alikuta ukuta wa mawe umesimama nyuma ya nyumba yake, mrefu kumpita. Nyuma ya ukuta malori yalikuwa yamemwaga kifusi mpaka juu, kikashindiliwa kikawa tambarare kama uwanja wa mpira. Migomba hakuna. Mlamula hauonekani. Na chini ya ukuta, mabomba ya kutolea maji yamekodoa macho kwenye chumba chake cha kulala.

Mvua ya kwanza iliingia mpaka uvunguni. Ya pili ikaanza kula ukuta. Nilipokwenda kumtazama, alinionyesha tofali za chini, akazigusa kwa kidole, zikabonyea kama ugali. Kitanda chake kilikuwa kimeegemea ukuta huohuo. Chumba cha pili kilijaa maharage na mbuzi, hakuwa na pa kuhamishia kitanda.

Alikwenda kwa Pius kwa adabu zake zote. Pius akamjibu, "Mama, maji yanateremka. Mimi sikuuumba mlima."

Hebu fikiria jibu hilo! Mlima hakuuumba, lakini mlima mwingine kauleta kwa malori.

Na kanuni ilikuwepo. Kampuni iliyokuja kupima viwanja vya senta yetu ilikuwa imemleta mpimaji wake, kijana anayeitwa Malongo, akatusomea kwenye mkutano kwa kipaza sauti. Asiinue mtu ardhi mpakani kupita usawa wake wa asili. Maji ya kila kiwanja yaende kwenye mfereji wa barabara, yasiende kwa jirani. Tulipiga makofi. Ni kanuni nzuri, sina ugomvi nayo. Ugomvi wangu ni na walioisoma.

Shangazi alimwita Malongo. Alikuja, akaamkia vizuri, akapanda juu kwa Pius na kusimamisha chombo chake cha miguu mitatu palepale kwenye kifusi. Akachungulia, akaandika, akashuka.

"Mama, usawa wa asili ni ule wa juu. Nyumba yako ndiyo iko chini ya usawa. Unatakiwa uinue msingi."

Uinue msingi! Kwani nyumba ni sufuria, unaiinua tu na kuitia figa?

"Mwanangu, huo ni udongo wa rori," shangazi alimwambia.

"Mama, kifaa hakidanganyi."

Nilipiga kelele kwamba kifaa kimewekwa juu ya uongo, kitasemaje kweli? Akaniambia nisimwingilie kazini. Nilitamani nikibebe kile chombo nikakitupe chooni.

Masika yakapamba moto. Shangazi akaegemeza ukuta kwa miti na kuendelea kulala pale. Asubuhi moja alikuwa anasuuza vyombo uani, akaona majani mabichi yamechomoza kati ya mawe ya ukuta wa Pius. Alisogea akayashika. Kisha akacheka mpaka akakaa chini.

Ulikuwa mlamula. Pius hakuung'oa, aliogopa. Vibarua wake walikuja kutuambia baadaye kwamba aliwakataza hata kuugusa. Aliwaagiza wamwage kifusi juu yake, basi. Mtu asiyejali kanuni wala mjane alitetemekea majani.

Shangazi alimwita mwenyekiti wa kijiji, Pius mwenyewe, na Malongo na chombo chake. Akaomba mawe yatolewe pale palipochipua. Vijana wakatoa, wakachimba kifusi kwa majembe, wakaufuata ule mmea kwenda chini. Shina lilishuka, likashuka, mpaka likafika kwenye udongo mweusi wenye majani makavu ya migomba ya zamani. Hapo ndipo mizizi ilipokuwa, usawa uleule wa ua wa shangazi. Na kwa kuwa mlamula ndio mpaka, kila mtu akaona pia kwamba ukuta wa Pius, uliosimama upande huu wa mizizi, umejengwa ndani ya kiwanja cha shangazi.

Malongo alikohoa. Akahamisha chombo chake, akachungulia upya, akatangaza, "Usawa wa asili ni huu," kana kwamba kaugundua yeye. Neno pole halikumtoka. Mwenyekiti akaamuru ukuta urudishwe nyuma, kifusi kipunguzwe, na maji yapelekwe kwenye mfereji wa barabara.

Kazi ilipoanza, Pius alikuja uani kwa shangazi, kofia mkononi, anatabasamu. Nilikuwepo, nimekaa kwenye kinu.

"Shikamoo mama."

"Marahaba."

"Yameisha, mama. Ila na wewe unishukuru kidogo. Mwingine angeung'oa ule mlamula, na leo usingekuwa na ushahidi. Mimi nina heshima zangu."

Nilisimama nimtukane. Shangazi akaninyooshea mkono nikae. Aliweka kisu juu ya ndizi, na kwa sauti yake ileile ndogo akamwambia:

"Mti uliuogopa, Pius. Mimi niliyelala chini ya ukuta ule, hukuniogopa."

Pius alivaa kofia yake akaondoka. Shangazi akaendelea kumenya.