Jina Kwenye Friji

Mwanamke wa nyumba ya pili hukoroga chai kwa kufuata mwendo wa mishale ya saa, huandika matakwa yake kwenye maganda ya mayai, na chumvi huimwaga kizingitini mpaka konokono wote wamehama mtaa. Morwenna, jirani yake, humcheka: "Wee mchawi wa jikoni, chumvi hiyo si ungetia viazini!"

Siku waliyomzika dada wa mwanamke huyo, Morwenna hakucheka. Alimkuta na koti lake jeusi, amepakata bonge la barafu, analipulizia pumzi liyeyuke. Ndani mlikuwa na kikaratasi chenye jina la dada, ambacho mwanamke huyo alikigandisha kwenye friji tangu Krismasi, uganga wake wa kutuliza ulimi wa dada uliozoea kumsengenya.

"Nilitaka anyamaze kidogo tu, shoga."

Morwenna akavua glavu, akainama, akapuliza naye.