Riziki na Giza la Sinema

Harufu ya bisi zilizomiminiwa siagi ndiyo iliyotupokea kabla ya mtu yeyote. Ilitukuta mlangoni, asubuhi ya baridi katika likizo ya Julai, tukiwa tumevaa nguo za kanisani: Baba na suti yake ya kahawia, Mama na kitenge chini ya koti zito, mimi na mdogo wangu Riziki na magauni yaliyoshonwa kwa kitambaa kimoja. Wenyeji waliokuja sinema kule Blacktown, pembezoni mwa Sydney, siku ile walivaa suruali za kulalia na ndala, baridi yote ile. Mama aliwatazama, akatutazama sisi, kisha akanikaza utepe wa nywele hadi macho yakanitoka. Alisema kila mtu hutoka kwake na heshima ya kwao. Nilikuwa na miaka tisa, Riziki mitano, na Sydney tulikuwa hata hatujaizoea.

Ukweli ni kwamba hatukwenda kujiburudisha. Tulikwenda kwa sababu ya giza. Riziki alizaliwa kambini, upande wa Kigoma, ambako wazazi wetu walikimbilia walipotoka Kivu. Kule tulilala chumba kimoja, na kupitia ukuta wa udongo ungemsikia jirani akikohoa, mwingine akimgombeza mumewe, na mtoto wa nyumba ya tatu akililia maji. Giza la kule lilijaa watu. Huku tulipewa nyumba ya matofali yenye chumba cha watoto, mlango unaofungwa, na ukimya ambao hata mimi niliyejifanya jasiri sikuupenda. Taa ikizimwa, Riziki alipiga kelele mpaka iwashwe. Basi tukawa tunalala taa ikiwaka, yeye akikoroma kwa raha zake, mimi nimejifunika shuka usoni nimenuna.

Hapo ndipo ikaja habari kutoka shuleni kwamba muhula unaofuata darasa lake lingepelekwa sinema. Mwalimu alimweleza Mama kwa upole kwamba kama Riziki ataogopa, si vibaya, anaweza kubaki shuleni na darasa jingine. Mama alishukuru, akaaga, akashika njia ya nyumbani. Alikuwa ameona watu wengi mno wakiachwa nyuma maishani mwake, na hakuvuka nchi zote zile ili mwanawe abaki. Alipovua viatu tu akamwambia Baba kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, kwa hiyo tumpeleke sisi kwanza, alione hilo giza akiwa na watu wake.

Baba hakuhitaji kubembelezwa, maana sinema ilikuwa kazi yake. Kabla ya kuwa mbeba maboksi katika ghala la Sydney, Baba alikuwa mtu mashuhuri. Kambini kulikuwa na kibanda cha video, mabenchi na jenereta lililonguruma nje, na kando ya televisheni alisimama yeye na kipaza sauti, akiwafasiria watu filamu za kigeni kwa Kiswahili. Mhusika mbaya alimpa jina la msimamizi wa foleni ya unga, na kibanda kizima kilicheka hadi mabenchi yakatetemeka. Filamu isiyo na mfasiri kwetu haikuwa filamu, ilikuwa wazungu wanaokimbizana tu. Kwa hiyo tulipoingia ukumbini, jambo la kwanza Baba alilofanya ni kuangaza huku na huku mbele, kando ya skrini, akimtafuta mwenzake wa kazi amsalimie.

Aliyetuleta kwa gari lake ni jirani yetu Mama Njeri, nesi kutoka Kenya, mwanamke wa maneno machache na kicheko kikubwa. Baba alipomuuliza mfasiri anasimama wapi, alimtazama kwa mshangao.

"Baba Faida, huku hakuna mtu wa ku-translate," alisema, akimwita kwa jina langu. "Unakaa, unanyamaza, unaangalia."

Baba alikaa, lakini niliona alivyosikitika. Si kwa ajili yake, nadhani, bali kwa ajili ya watu wote wale waliolipa kiingilio wakakosa wa kuwasimulia.

Taa zilipofifia, nilimtazama Riziki badala ya skrini. Kwanza alikakamaa. Kisha akakishika kitenge cha Mama kwa mikono miwili, na ulipopiga muziki ule mkubwa unaotingisha kifua, akaanza kulia bila sauti, jambo lililonitisha kuliko kelele zake za nyumbani. Mama alimpakata, akamfunika kwa koti, lakini wapi.

"Mama, turudi ku nyumba," alisema. "Niko naogopa."

Mama alifunga macho kidogo, kisha akaanza kukusanya mfuko wake na kofia zetu. Nilijua tukitoka pale hatutarudi, na Riziki atabaki shuleni siku ile. Mama alikuwa amekwishainuka nusu tuliposikia sauti nzito, tulivu, ikitokea kiti cha pembeni.

"Sasa muone huyu bata mdogo. Amepotezana na mama yake sokoni. Anauliza watu, lakini watu wa mji huu wako na haraka."

Ni Baba, amekunja mikono kifuani, macho mbele, yuko kazini. Mazoea yana taabu. Watu wa safu ya mbele waligeuka, na Mama Njeri akainama akijifanya anatafuta kitu sakafuni. Lakini Riziki alitoa kichwa ndani ya koti. Baba akaendelea kusimulia habari za yule bata; alipotokea kwenye skrini mzee mmoja mwenye kofia, Baba akamfanya mwizi, akambatiza jina la msimamizi wa foleni ya unga. Mama akakaa tena, taratibu. Baadaye alikuja kijana wa pale sinema na tochi yake, akamwomba Baba kwa adabu apunguze sauti. Baba naye akaomba radhi kwa adabu zaidi, akampakata Riziki, na filamu yote iliyobaki akamsimulia sikioni.

Mimi nilikaa kiti kilichofuata, kwa hiyo nilisikia yote, na ndipo nikagundua jambo. Kiingereza changu cha shule kilikuwa kimeshanitosha kuelewa katuni, na yale aliyoyasema Baba hayakuwamo. Mzee wa kofia hakuwa mwizi, alikuwa babu yake bata. Wala hawakuwa sokoni. Baba hakujua Kiingereza, na kumbe kambini hakujua pia. Miaka yote ile aliwatungia watu filamu kichwani mwake, nao wakarudi kesho yake. Ningeweza kumsahihisha. Lakini Riziki alikuwa anacheka, nami, niseme kweli, filamu ya Baba ilinipendeza kuliko ile ya skrini.

Sitasema alipona siku ile. Taa ya chumbani iliendelea kuwaka majira mengi. Ila siku ya safari ya darasa ilipofika, Riziki alipanda basi na wenzake, na Mama hakuwa na raha mpaka saa ya kwenda kumchukua. Nilikuwa naye langoni mwalimu alipotujia, nikawa mkalimani. Alisema Riziki alikaa mpaka mwisho. Hakulia hata kidogo. Tatizo moja tu, alisema huku akijizuia kucheka, ni kwamba aliongea filamu nzima, kwa lugha yake, polepole, sikioni mwa mtoto wa Kivietinamu aliyeketi naye. Na yule mtoto, ambaye naye huogopa giza, alimshika mkono asimwachie mpaka taa zikawaka. Nilimfasiria Mama yote. Alisimama pale langoni mbele ya wazazi wengine akalia, na hakujali nani anamwona.

Sasa Riziki ana nyumba yake Penrith na analala gizani kama watu wengine. Mimi nina watoto wawili wanaoelewa Kiswahili chote na kunijibu kwa Kiingereza. Mwezi uliopita niliwapeleka sinema kwa mara ya kwanza. Nilijiandaa kuliko Mama: nilikaa katikati yao, koti magotini, na sikio la kila mmoja karibu na mdomo wangu. Taa zilipozima, hakuna aliyenishika. Yule mdogo, wa miaka mitano, alisogea mbele ya kiti ili nisimzibe. Nilikaa na maneno yangu hadi mwisho, na nakiri niliona wivu kidogo, kwa kuwa hawatajua utamu wa kusimuliwa gizani na mtu anayetunga.

Tukiwa garini nilimuuliza huyo mdogo kama hakuogopa taa zilipozimwa. Alinitazama kama mtu aliyeulizwa swali la ajabu, akaniuliza, kwa Kiingereza chake, aogope nini. Nikaanza kumjibu. Nikatafuta, nikatafuta, na nilipoona kwamba kwake gizani hamna cha kuogopa nikajikuta natabasamu peke yangu, nikawasha gari twende nyumbani.