Ua Alioupanda Koech

Dada yangu Chelangat alinipigia simu kutoka Mogogosiek akisema ng'ombe wake amenaswa na miiba kando ya mto, na kiwele kimeraruka. Alitaka niuone mmea huo kabla mtu hajaugusa. Sisi huku Chepseon tuliwahi kufungiwa kijito na mmea wa namna hiyo. Kilichomzuia kuukata ni kwamba uliletwa na marehemu mumewe, Koech, kama ua wa boma.

Asubuhi yake nikasafiri, nikapitia Kericho, na Litein nikapanda bodaboda. Mbele kidogo niliona maua ya njano kando ya barabara, nikamwomba dereva asimame. Ulikuwa senetwet, ule ambao vijiti vyake tunavichoma kusafisha kibuyu cha mursik, maziwa yetu ya kugandisha. Una maganda kama ya maharagwe, lakini hauna miiba. Nilivunja tawi, nikiomba dada awe ameogopa bure.

Mogogosiek, baada ya chai, Chelangat alinishusha hadi mistari ya chini ya shamba lake la majani chai, ambayo wachumaji walikuwa wameikimbia. Mmea ulikuwa umeparamia miti ukaifunika. Nilivuta tawi taratibu. Miiba ilipinda kama ndoano, hata kwenye vikonyo vya majani. Maua ya njano yalisimama wima kama mishumaa, na ganda lilikuwa bapa, lenye ncha kama mdomo wa ndege. Nikaweka senetwet kando yake. Hakungoja nimwambie kwamba wake ndio ule uliotufungia kijito.

Aliuliza mbona pale juu, kwenye ua wa boma, ulitulia miaka yote. Nilimweleza kwamba Koech alikuwa akiukata kila msimu kabla haujazaa. Tangu afariki, mbegu zilisombwa na mvua hadi mtoni, penye unyevu, na penye jua tele kwa kuwa miti mikubwa ilishakatwa. Ng'ambo ya mto, kwenye kivuli kizito, hatukuona hata mche mmoja.

"Tukiondoa wa chini peke yake?" akauliza.

"Utarudi. Mbegu zinatoka pale juu."

Aliinua macho kuutazama ua kule juu. "Koech aliupanda huu baada ya wezi kuchukua ndama wetu," akasema. "Alitaka tulale."

Kisha akapanda hadi nyumbani, akaingia ndani, akatoka na panga na gambuti. Alianzia langoni, mahali Koech alipoanzia kupanda. Majirani walipomwona wakaja na majembe. Tulikusanya maganda kwanza tukayachoma, ndipo tukang'oa mashina. Kabla sijaondoka tulipanda miti ya kienyeji mtoni, ili kivuli kirudi. Chelangat hakulia mpaka aliponisindikiza barabarani, na hata hapo alilia kidogo tu.

Njiani kurudi, sikuwaza sana juu ya miiba. Sasa naitambua, na najua inapopenda kuota. Niliwaza juu ya ua wangu mwenyewe, miti niliyopanda na ile ninayopanga kupanda, na ni nani atakayeikata nitakapokuwa sipo.