Dawa ya Minyoo

Jirani yangu amechemsha mwarobaini asubuhi hii, na tumbo langu limekaza kabla hata sijatambua ni harufu gani.

Harufu hiyo imenirudisha utotoni, kwenye ile nyumba yetu ya mabati Kitengela, upepo wa mbugani ukiigonga, vumbi likiingia mpaka kwenye uji. Baba alikuwa ameenda Loitokitok kulima vitunguu vya watu, na tangu aondoke hatukuwa tumesikia neno lake. Kila geti la ploti yetu ya wapangaji lilipolia, mama aliacha kukoroga, akasimama na mwiko hewani mpaka hatua za mtu zipite mlango wetu.

Mimi nilikuwa naumwa na tumbo kila asubuhi.

"Hiyo ni minyoo," mama alisema, akanipa kikombe cha mwarobaini. "Kunywa yote mara moja, usionje."

Nilikunywa. Uchungu ulikaa kooni hadi shuleni, na tumbo halikupona.

Siku moja niliingia bila viatu, nikamkuta mama amenipa mgongo. Mkono mmoja ulikuwa umeshika tumbo lake, na kwa mwingine alikuwa anakunywa kutoka kikombe changu.

"Mama, hata wewe uko na minyoo?"

Alicheka, akacheka, mpaka kicheko kikageuka kitu kingine. Akaketi juu ya mtungi wa plastiki wa maji, akanivuta kwake.

Asubuhi iliyofuata tumbo likauma tena. Mama hakuchemsha kitu. Aliuweka mkono wangu kwenye tumbo lake, na wake kwenye langu, tukakaa hivyo.

Geti likalia. Hatukuinuka.